28, 35 au 50? Kuchagua lenzi za Leica M kwa safari ya pwani

Wengi wanaonunua Leica M ya dijitali humalizia fedha kwenye bodi, yaani kamera yenyewe, halafu ndipo wanaanza kuuliza habari za lenzi. Swali la kwanza huwa: f/1.4 au f/2 (namba ndogo ndiyo tundu kubwa la kupitisha mwanga)? Kwa msafiri, hasa anayezunguka pwani yetu kuanzia Lamu hadi Kilwa, hilo ni swali la mwisho. Kwanza jiulize: ukipiga picha huwa unasimama umbali gani na kitu unachokipiga? Ukishajua hapo, lenzi inajichagua yenyewe, na mara nyingi haiwi ile ghali.

Nitalinganisha milimita 28, 35, 50 na 90 (namba ndogo inaona pana, kubwa inavuta cha mbali), kisha lenzi za tundu kubwa na za tundu dogo, kisha watengenezaji. Mifano mingi nitaitoa Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa sababu pale kila lenzi inapata mtihani wake ndani ya siku moja: vichochoro, wazee barazani, jua la utosini, chakula cha usiku Forodhani na majahazi yaliyo mbali baharini. Nachukulia kwamba una mfuko mdogo wa begani wenye nafasi ya lenzi mbili. Anayetaka kubeba tano atafute kamera ya aina nyingine, maana raha ya M ni wepesi, na ndege ndogo za visiwani nyingi hazitaki mzigo wako uzidi kilo 15.

Bodi yako inaamua mengi

Kwenye M hutazami kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha kilicho pembeni juu, ambacho ndani yake kuna mistari inayokuonyesha picha itaishia wapi. Katikati pana kiraka kidogo chenye taswira mbili. Unazungusha lenzi mpaka zilaliane, hapo fokasi imekaa. Hakuna zumu wala fokasi ya kujiendesha. Kwenye M9 na za baada yake mistari huja kwa jozi: 28 pamoja na 90, 35 pamoja na 135, 50 pamoja na 75. Ukienda pana zaidi ya 28 hakuna mstari, itabidi upachike kitazamio kingine juu ya kamera au utumie skrini ya nyuma. Na skrini inayoonyesha picha kabla hujapiga ilianza na M ya 2012, ile inayoitwa Typ 240. M8 ya 2006 na M9 ya 2009 hazina.

M8 inahitaji hesabu yake peke yake. Sensa yake, yaani kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ni ndogo kuliko filamu ya milimita 35, kwa hiyo kila lenzi inajibana kwa mara 1.33: 28 inakuwa kama 37, 35 inakuwa kama 47, 50 inakuwa kama 67. Tena ina ugonjwa wake ambao huku kwetu unaonekana vibaya. Inapokea mwanga usioonekana wa infraredi kupita kiasi, na vitambaa vyeusi vya nailoni na poliesta vinatoka vya zambarau. Fikiria mtaa wenye akina mama waliovaa mabuibui. Dawa yake ni filta ya kuzuia infraredi mbele ya kila lenzi, kwa hiyo mwenye M8 anunue lenzi zenye uzi wa filta wa saizi moja. 39 ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi kwenye lenzi ndogo za Leica na za mtengenezaji mwingine, Voigtländer. Kuanzia M9, M10 ya 2017 na M11 ya 2022, sensa ni kamili, milimita 24 kwa 36, na 28 ni 28.

Kama unavaa miwani, lijue hili kabla hujatoa fedha: mistari ya 28 iko ukingoni kabisa mwa kidirisha. Mwenye miwani hulazimika kuhamisha jicho kushoto na kulia ili aione yote. Watu hawasemi hili dukani. Kwa mvaa miwani, 35 ndiyo lenzi pana ya kweli, kwa sababu mistari yake inaonekana yote kwa mara moja na inabaki nafasi ya kuona mtu anayekaribia kuingia kwenye picha.

Mtihani wa mlango

Chukua kichochoro cha Mji Mkongwe chenye upana wa mita 2, nacho si chembamba kuliko vyote. Unataka mlango wa nakshi ulio upande wa pili, na umeegemea ukuta huku mgongo umegusa chokaa. Umeshika kamera wima. Ukiwa na 50, kinachoingia ni kimo cha mita 1.4: nusu ya mlango. Ukiwa na 35, mita 2 na kidogo: ubao wote wa mlango bila kile kinachokaa juu yake. Ukiwa na 28, mita 2.6. Ukiwa na 21, mita 3.4.

Kwa milango ya zamani ya mtindo wa Kiomani, ile ya mraba yenye nakshi kwenye boriti ya juu, 28 mara nyingi inatosha au inakaribia kutosha. Ile ya mtindo wa Kihindi yenye tao juu inaishinda 28 kwenye kichochoro kama hicho, na hapo mtu huanza kuona haja ya 21. Mimi siinunui 21 kwa ajili ya hilo. Ukiinua kamera kupata tao, nguzo za mlango zinaegemeana juu na picha inaonekana ya haraka haraka. Afadhali usogee mpaka pale mtaa unapopinda upate mlango kwa ubavu, au ufunge 50 upige kipande: misumari ya shaba, mnyororo uliochongwa kwenye fremu, ua la mti wa mvule lililolika kwa chumvi. Kipande cha mlango kilichopigwa kwa 50 kinaeleza kazi ya fundi kuliko mlango mzima uliopigwa kwa lenzi inayoupinda.

Kwa hiyo kwa majengo, 28 inashinda 35 waziwazi. Ngome Kongwe, magofu ya Kilwa Kisiwani, ua wa ndani wa nyumba za Lamu: kote huko ile tofauti ya hatua moja nyuma ndiyo usiyokuwa nayo.

Watu

Hapa ndipo pagumu, na ndipo uchaguzi wenyewe ulipo.

Umekaa barazani karibu na Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, umeletewa kikombe cha kahawa, na mzee aliye pembeni yako anacheza dhumna. Kati ya uso wake na kamera pana mita moja hivi. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu." Mmeongea habari za mvua na bei ya ngisi, ukaomba, akakubali kwa kutikisa kichwa bila kuacha mchezo. Ukiwa na 50, unapata uso na mabega basi. Dhumna, vikombe na wachezaji wengine hawamo. Ukiwa na 35, unapata mzee, mikono yake na nusu ya ubao. Ukiwa na 28, unampata mzee, mwenzake wa upande wa pili na ukuta wenye mabango nyuma yao, lakini ukimsogelea zaidi ya hapo pua itaanza kuja mbele na masikio yatarudi nyuma. Hilo halisababishwi na lenzi, ni ukaribu. Ila 28 ndiyo inayokushawishi usogee.

Lenzi za M zenyewe kwa kawaida haziruhusu fokasi chini ya mita 0.7. Siku hizi ziko zinazoshuka zaidi ya hapo, lakini kiraka cha kidirishani kinakomea kwenye mita 0.7, chini yake lazima utazame skrini. Barazani hakuna anayetaka mgeni aliyenyoosha kamera mbele ya uso kama simu.

Sasa geuza. Umesimama upande wa pili wa mtaa, mita 5 au 6, na umefunga 90. Kwa hesabu za kioo ni lenzi nzuri ya sura. Kwa adabu za pwani ni lenzi ya mchunguliaji. Mtu akigundua kamera imemlenga kutoka mbali bila salamu, anaudhika kuliko yule uliyemkaribia ukasema hodi, na kwa akina mama ndiyo kabisa. Nimeona wageni wakibishana na wauza samaki soko la Darajani kwa sababu hiyo, na kosa halikuwa kupiga picha, lilikuwa ni kupiga kwa kujificha. Lenzi fupi inakulazimisha usalimie kwanza. Naihesabu hiyo kuwa sifa, ingawa hutaiona kwenye jedwali la mtengenezaji yeyote.

Kati ya 28 na 35 kwa watu, kinachoamua ni kama unapenda kukisia fokasi. Wapiga picha wa mtaani hufunga tundu kwenye f/8, huweka fokasi mita 3, kisha huacha kuigusa. Tazama kinachotokea:

| Lenzi | Upana unaoingia kwenye mita 3 | Sehemu inayokuwa kali, f/8, fokasi mita 3 |
|---|---|---|
| 28 | mita 3.9 | mita 1.6 hadi 33 |
| 35 | mita 3.1 | mita 1.9 hadi 7.2 |
| 50 | mita 2.2 | mita 2.3 hadi 4.2 |
| 90 | mita 1.2 | mita 2.8 hadi 3.3 |

Hizi ni hesabu za sensa kamili kwa kipimo cha ukali kilichotumika tangu enzi za filamu. Kwenye M11 yenye megapikseli 60, ukikuza picha sana, zipunguze kidogo. Hata hivyo ujumbe haubadiliki. Kwa 28, mchana, huhitaji kufokasi: kila kitu kuanzia hatua mbili mbele yako mpaka mwisho wa mtaa kipo. Mkokoteni unakuja, punda anageuka, mtoto anaruka ukuta wa Forodhani kujitosa majini, unainua kamera na kubonyeza. Kwa 35 unaweza kufanya vivyo hivyo ukiwa makini. Kwa 50 ni bahati nasibu. Unapaswa kufokasi kila picha, na 90 hata usijaribu.

Lakini 50 ina jambo ambalo 28 haiwezi kulipata, nalo ni utulivu. Pwani kumejaa vitu: nyaya, mabango, pikipiki, kanga zilizoanikwa, kamba za feni. Lenzi pana inavizoa vyote. Ukiwa na 50 unatoa, unachagua, na picha inabaki na kitu kimoja. Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa 50, na Garry Winogrand alijulikana kwa 28. Ukiweka picha zao ubavu kwa ubavu utaona tabia mbili tofauti za kusimama mbele ya watu, na utajua wewe ni wa upande gani kuliko ukisoma vipimo vya maabara usiku kucha.

Anayetaka lenzi moja tu achukue 35. Si bora kwa lolote kati ya haya, lakini haikuangushi popote. Anayechukua mbili asichukue 35 na 50, ni jozi ya kawaida lakini zinakaribiana mno. Utaishi na moja na nyingine itakaa mfukoni. Achukue 28 na 50.

Tundu kubwa na jua letu

Tuje kwenye f/1.4. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema: jua likiwa wazi, funga tundu f/16 na shata (muda wa kuingiza mwanga) iwe sekunde moja gawanya kwa ISO (namba ya wepesi wa kamera kupokea mwanga). Kwa ISO 100, hiyo ni 1/100 kwa f/16. Fungua mpaka f/1.4 na shata inapaswa kuwa 1/12,800. M9, Typ 240 na M10 zinaishia 1/4000. Maana yake, saa sita mchana kwenye mchanga wa Nungwi, Summilux, yaani lenzi ya Leica ya f/1.4, uliyoinunua kwa bei ya pikipiki mbili haiwezi kufunguliwa. Hata f/2 inataka 1/6400. f/2.8 ndiyo ya kwanza inayoingia, 1/3200. Na Typ 240 inaanzia ISO 200, kwa hiyo hali ni mbaya zaidi kwa hatua moja. Ukitaka f/1.4 mchana ni lazima ufunge filta nyeusi ya kupunguza mwanga, ambayo utaisahau ukiingia msikitini au dukani na kushangaa kwa nini picha zote zimetikisika. M11 peke yake, kwa shata yake ya kielektroniki ya 1/16,000, ndiyo inayolivuka tatizo hili.

Usiku basi? Machweo ya huku hayana subira. Jua linazama karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, na baada ya dakika ishirini na kitu ni kiza. Forodhani meza zinapangwa, taa zinawashwa, mchomaji mishikaki anapepea mkaa na fundi wa zile chapati za kukunja zinazoitwa pizza ya Zanzibar anatandaza unga kwa kasi. Ili mikono yake isifutike unahitaji 1/125 au zaidi. Kwa f/2, chini ya balbu ya mezani, ISO itakuwa kama 3200. M10 na M11 zinaibeba ISO hiyo bila malalamiko. M9 haiibebi, inaishia 2500, na watumiaji wengi hawapendi kuvuka 800.

Kwa hiyo jibu linategemea umri wa bodi, si ukubwa wa mfuko. Mwenye M8 au M9 ana sababu halali ya kununua f/1.4. Mwenye M10 au M11 anayesafiri hana, isipokuwa anapenda nyuma ya picha ifutike, na hapo pia ajue kwamba kufuta nyuma kwenye Mji Mkongwe ni kufuta Mji Mkongwe. Lenzi ya f/2 inamtosha kwa usiku, na ya f/2.8 kwa mchana. Ndiyo maana jozi yangu ni 28 ya f/2.8 iliyo ndogo kabisa kwa mchana, na 50 ya f/2 kwa jioni na sura.

Uzito nao usiudharau. Summilux 50 ya f/1.4 ya kizazi kilichotangulia ina gramu 335. Summicron 50 ya f/2 ina kama 240. Elmarit 28 ya f/2.8 ina kama 175. Jozi ya Elmarit na Summicron inazidi Summilux moja kwa gramu 80 tu. Tena lenzi nene na kofia yake zinaziba kona ya chini ya kidirisha, hivyo unalipia zaidi ili uone kidogo.

Leica, Zeiss, Voigtländer, na wengineo

Mlango wa M, pale lenzi inapofungwa kwenye kamera, haujabadilika tangu M3 ya 1954, na lenzi za uzi za kabla ya hapo zinaingia kwa pete ya kugeuzia. Kwa hiyo uwanja ni mpana.

Kwa 35, Summicron mpya ya Leica inazidi dola 3,000. Voigtländer Ultron 35 f/2 mara nyingi hupatikana chini ya dola 1,000, ina gramu 170 tu, nyepesi kuliko Summicron kwa gramu 80, na inafokasi chini ya mita 0.7 kwa wenye skrini. Kwenye f/5.6, picha ikiwa imechapwa ukutani, sidhani kama kuna mtu atakayetofautisha. Zeiss ana C Biogon 35 f/2.8, ambayo kwa kupiga jua usoni bila kuchafuka ndiyo ningeichagua kuliko zote mbili; pwani jua liko kwenye maji, kwenye bati, kwenye chokaa nyeupe, na lenzi isiyotoa ukungu ni mali. Kasoro yake ni f/2.8 usiku.

Kwa 50, ulinganisho ni Summicron na Zeiss Planar f/2. Ramani ya vioo ya Summicron ya kawaida ni ya 1979 na bado inauzwa, jambo linalokwambia kiasi cha kutosha. Planar iko karibu nayo mno, kwa bei ndogo zaidi, na ukinunua Summicron ya mitumba ya miaka ya 1980 bei zinakutana. Hapo chukua ile yenye kioo kisafi. Zeiss C Sonnar 50 f/1.5 inatoa sura nzuri sana lakini fokasi yake inahama unapofunga tundu; vivyo hivyo toleo la kwanza la Voigtländer Nokton Classic 35 f/1.4. Nyumbani unaweza kulizoea jambo hilo. Safarini, mbele ya mtu ambaye hutamwona tena, ni kujitafutia presha.

Kwa 28, Elmarit ya Leica iliyotoka na M8 mwaka 2006 ni ndogo kiasi cha kusahaulika mfukoni, na mitumba yake inavumilika. Ultron 28 f/2 ya Voigtländer inauzwa chini ya theluthi ya bei ya Summicron 28, na kama wewe ni mtu wa lenzi moja ya pana itakayofanya kazi mpaka usiku, nunua hiyo ufunge mjadala.

Lenzi za Kichina za TTArtisan na 7Artisans zimeshusha bei mno. Vioo vyake vingi si vibaya hata kidogo. Tatizo ni kwamba unganisho lake na kidirisha huweza kufika halijakaa sawa, na ndiyo maana baadhi huja na karatasi ya kupimia fokasi au bisibisi ndani ya boksi. Anayependa kuchokonoa atafurahi. Za Kirusi kama Jupiter-8 zina sura tamu na bei ya chakula cha mchana cha hotelini, lakini usiziamini kwa fokasi ya karibu bila kuzijaribu.

Jambo la kiufundi linalowaumiza wanaonunua lenzi pana za zamani: zile ambazo kioo chake cha nyuma kinakaribia sana sensa, kama Super-Angulon 21 f/3.4 au C Biogon 21 f/4.5, hutoa kingo za zambarau, hasa kwenye bodi za mwanzo. Anga jeupe juu ya bahari linaanika kasoro hiyo bila huruma. Lenzi za Leica za kuanzia 2006 zina alama sita nyuma ambazo kamera inazisoma na kurekebisha kingo. Kwa lenzi za wengine, kuanzia M9 unaweza kuchagua lenzi inayofanana nayo kwenye menyu. Kwa 28 ya kisasa na kuendelea, huna haja ya kuhangaika.

90, au kutokuwa nayo

Majahazi yako mbali, matanga yamejaa, na 50 inayafanya kuwa kama vipepeo. Je, ubebe 90? Kama una M11, usibebe. Picha ya 50 ukiikata ifikie upana wa 90 inabaki na megapikseli kama 18, ambazo ndizo M9 nzima iliyokuwa nazo. Ukiwa na M10 ya megapikseli 24, kukata huko kunakuachia kama 7, zinazotosha kwa simu na kwa chapa ndogo, basi. Hapo 90 ndogo ina maana, na iwe ya f/4 au f/2.8, kwa jua letu f/2 ya uzito wa nusu kilo ni adhabu ya bega. Macro-Elmar 90 f/4 inasinyaa ikakaa mfukoni kama 50, na ndiyo pekee ninayoweza kumshauri msafiri.

Na kama safari yako inaendelea bara mpaka Serengeti, usijidanganye kwa 135. Ndiyo ndefu kuliko zote ambazo kidirisha kinaikubali, mistari yake ni midogo kama stempu, na simba atatoka kama paka wa jirani. Azima kamera nyingine yenye lenzi ya 400, M ibaki kwa watu wa kambini.

Chumvi, vumbi na mtikisiko

Lenzi za M hazijazibwa dhidi ya maji. Kwenye boti ya Dar kwenda Unguja, au ngalawa ya kwenda Chumbe, amua lenzi kabla hujapanda na usiibadilishe juu ya maji. Hii ni sababu nyingine ya kupenda 35 moja kwa anayekaa baharini muda mrefu. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mfuko kwa nusu saa ipate joto, la sivyo vioo vitatoa jasho ndani na nje, na unyevu ukikaa humo ndiko kuvu wanakoanzia. Vifuko vya silika ni vya bei rahisi. Lenzi ya mitumba iliyoishi pwani imulike kwa tochi kabla ya kulipa. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, rudisha.

Kinachosahaulika zaidi ni kwamba kidirisha cha M ni chombo cha mitambo, na bodaboda au barabara ya vumbi inaweza kukiondoa mahali pake bila dalili yoyote. Kabla ya safari, na tena ukifika, weka rula mezani ielekee mbali nawe, simama mita moja, fungua 50 kwenye f/2 na ufokasi katikati ya rula. Sehemu kali kwa umbali huo ni sentimita 5 tu, kwa hiyo hitilafu ndogo itaonekana mara moja. Rudia kwa 28 kwenye f/2.8: huko sehemu kali inafika sentimita 20, na hitilafu ndogo inaweza kufichika. Zote mbili zikihama upande uleule, bodi ndiyo yenye shida. 50 ikihama peke yake, jaribu 50 ya mwenzako kabla hujamlaumu mtu. Mafundi wa kurekebisha hili ni wachache sana huku kwetu. Likikukuta Pemba, ifunge 28, weka f/8, mita 3, uendelee na safari.